Fundi kakosea, mwili wangu umekosea, au ushauri ndo mbovu?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, nimeajiriwa mwaka huu ofisi moja hapa Dar, nakaa Kimara kazini ni Posta. Nilitaka na mimi nivae kama mtu mzima nikaanza kufuatilia kurasa za fasheni na majarida ya mtandaoni. Wanasema kuna vitu kila mwanamke lazima awe navyo mwaka huu: blaza ya krimu, suruali pana ya kiuno juu inayofika chini kabisa, trenchi koti, na skini jinzi zote nitupe. Nimemaliza karibu mshahara mzima. Koti sijawahi kulivaa hata siku moja, blaza inanipika, suruali nilishonesha kwa picha ikatoka kama pazia na inafagia barabara. Rafiki yangu anasema fundi ndo mbovu, dada yangu anasema mi mfupi na nina hipsi kubwa kwaiyo nguo kama hizo si zangu. Na mwezi ujao mdogo wangu ana sendofu, nimeshapata picha ya gauni la kitenge nimekutumia uione. Naomba uniambie ukweli mama, kosa la nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na limenigusa, maana huu ni mwaka wangu wa 24 kwenye cherehani na hilo la "tatizo ni mimi?" nalisikia kila wiki. Mtu anasimama mbele ya kioo pale kwangu, anavuta nguo huku, anavuta kule, alafu anageuka ananiomba msamaha. Ananiomba mimi msamaha kwa ajili ya mwili wake! Inaniuma sana hiyo. Kwaiyo jibu nalitanguliza: mwili wako hauna kosa lolote. Fundi ana kosa lake na nitalisema bila kumficha. Ila kosa kubwa ni la ule ushauri, na nataka nikuoneshe liko wapi hasa, ili kesho ukikutana na mwingine wa aina hiyo uujue kabla hujatoa hela.

Tuanze na suruali. Umesema imetoka kama pazia, na hilo neno moja limeniambia karibu kila kitu, maana suruali ikitoka kama pazia mara nyingi ni ile krepu nyepesi ya poliesta inayouzwa kwa mita Kariakoo, inang'aa kwa mbali, ukiikunja mkononi unaona kama hujashika kitu. Suruali pana haishikwi na miguu kama jinzi, inaning'inia kutoka kiunoni mpaka chini, na kinachoifanya itulie ni uzito wa kitambaa chenyewe kuivuta chini. Gabadini nzuri au viskosi nzito ukipiga hatua inaenda na inarudi mahali pake. Nyepesi ukipiga hatua inapepea, inaingia katikati ya miguu, inanata kwenye mapaja, alafu na upepo wa Posta pale karibu na bahari ukikupata ndo unakua bendera kabisa. Sasa rudi ukausome tena ule ushauri uone kama walitaja kitambaa. Mimi baada ya kupata swali lako nilikaa jioni nzima nafungua kurasa moja baada ya nyingine zinazosifia hizo suruali, wanasema zinarefusha miguu, zinaficha tumbo, chomekea blauzi, vaa na skuna, sijaona hata mmoja aliyesema kitambaa gani, kizito kiasi gani, mita ngapi. Ni kama mtu akuandikie mapishi ya pilau asitaje mchele.

Alafu itazame vizuri ile picha. Wanamitindo wa majukwaani wengi wana futi 5 na inchi 9 kwenda juu, na hapo kaongezewa kiatu cha inchi 4 ambacho hukioni maana suruali imekifunika. Wateja wangu mimi wengi wanacheza futi 5 na inchi 1 mpaka 4. Hiyo tofauti kubwa yake iko miguuni, ndo maana mstari uleule unaoonekana mrefu na mnyoofu kwake, kwako unajikunja juu ya kiatu. Na kuna kitu ambacho msomaji hawezi kukijua kama hajawahi kusimama kwenye upigaji wa picha. Mimi nimeshavalisha wanamitindo mara nyingi, begi langu la siku hiyo linajaa pini na vibanio kuliko nyuzi. Nguo ikizidi kiunoni tunaikusanya mgongoni tunaibana, kamera iko mbele haioni. Yani ile nguo inayokaa kama imemwagwa mwilini, ukimgeuza yule dada unakuta mgongo mzima umejaa vibanio. Hiyo ni kazi ya kawaida ya picha za biashara, mpiga picha anauza nguo. Kosa linaanza pale mwandishi anapoichukua picha ile anamwambia binti wa Kimara "nguo hii itakukaa hivi".

Fundi wako sasa. Alichokosea, kama nakuelewa vizuri, ni kwamba aliona urefu umezidi akapunguza chini kidogo tu akaacha juu. Suruali ya kiuno juu haijengwi hivyo. Inajengwa kuanzia kimo cha msamba, na hicho kinapimwa mteja akiwa amekaa: unakaa kwenye kiti kigumu, umenyooka, fundi anapima ubavuni kutoka kiunoni mpaka kwenye kiti. Watu wawili wenye urefu sawa wanaweza kutofautiana hata inchi mbili hapo. Akikisia, msamba unaning'inia, ukitembea unavuta, ukipanda ngazi za mwendokasi unabaki unaishika suruali kwa mkono. Na kosa la pili alitakiwa akuambie dada hiki kitambaa hakifai kwa mshono huu. Fundi anayepokea kitambaa chochote ili mradi hela ya ushoni iingie anastahili lawama, nasema hivyo na mimi ni fundi, na mabinti ninaowafundisha hilo nawaambia siku ya kwanza. Ila kumbuka na yeye alioneshwa picha tu, kwenye simu, imepigwa mbele, bila neno lolote la kumsaidia.

Blaza inayokupika. Hapa nitakupa namba kidogo. Kila uzi una uwezo wake wa kubeba unyevu bila kuonekana umelowa. Pamba kwenye hewa ya kawaida inabeba kama asilimia 8 ya uzito wake, kitani (lineni) kama 12, sufu inafika 16. Poliesta ni kama 0.4, haifiki hata asilimia moja. Sasa blaza nyingi za bei ya chini nje ni poliesta, ndani bitana ya poliesta, katikati kuna stifu ya gundi iliyobandikwa kwa pasi, mabegani pedi za sponji. Hayo ni matabaka matatu manne ambayo hakuna hata moja linalopokea jasho lako, na wewe saa moja asubuhi umesimama kwenye basi lililojaa kutoka Kimara, mkono juu umeshika bomba. Jasho linabaki hapohapo kati ya ngozi na bitana. Hiyo ndo inayokupika, na mwanamke yeyote angeiva humo, hata huyo wa kwenye picha.

Na usidanganyike na neno lililoandikwa kwenye lebo au analokuambia muuzaji. Siku hizi kila kitambaa chenye mikwaruzo kinaitwa lineni. Omba kipande kidogo pembeni, chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kiberiti mahali salama. Pamba na kitani vinaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, vinaacha majivu laini ukiyagusa yanasagika. Poliesta inajikunja inayeyuka kama plastiki, ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikukatalia nyuzi tatu basi hiyo nayo ni jibu. Nguo za mchanganyiko zitakupa vyote viwili, majivu na kidonge, na mchanganyiko wenye pamba nyingi kwa kazi ya ofisini si mbaya, haukunjiki sana na ngozi inapata hewa kidogo.

Sasa kwa nini walikuambia krimu? Hii ilitokana na ile staili iliyovuma sana 2023 ya utajiri wa kimyakimya, kuvaa vitu visivyo na nembo kubwa, rangi za maziwa, kahawia, kijivu. Nyumba za mitindo zinazotajwa kwenye staili hiyo ni kama Loro Piana na Brunello Cucinelli za Italia, ambazo kazi yao kubwa ni sufu na kashmiri ya hali ya juu na ukataji wa makini, na bei zake hata hatuzigusi. Wanachouza pale ni kitambaa na mkato. Vyombo vya fasheni vikachukua kitu ambacho chote ni kitambaa na mkato vikakigeuza kua rangi, "vaa krimu uonekane tajiri", na hapo ndo nimekasirika kwelikweli, maana krimu ni rangi isiyosamehe. Kwenye krimu ya bei rahisi kila mshono uliovuta unaonekana, mfuko wa ndani unachora kivuli nje, stifu ikibanduka baada ya kufua mara mbili unaona mapovu kifuani, vumbi la kituoni linakaa kwenye kola, na lile bomba la basi linaacha alama kwenye mkono. Kwa safari yako ya kila siku ningekuambia maruni, kijani cha chupa, buluu nzito, kahawia iliyokolea. Rangi hizo zinabeba kitambaa cha kawaida kikaonekana cha heshima.

Nikiwa kwenye rangi niseme na hili, kila Desemba nalisoma likirudiwa kama amri: "rangi ya mwaka". Hiyo inatangazwa na Pantone, kampuni ya Marekani inayouza sampuli za rangi kwa wachapaji na viwanda, na ilianza huo utaratibu na mwaka 2000. Ya 2023 ilikua ya waridi kali inayoelekea wekundu, 2024 ya pichi iliyopauka, 2025 ya kahawia kama chokoleti ya maziwa. Kiwandani hiyo taarifa ina faida yake. Ila wewe ukitii miaka mitatu mfululizo kabatini utakua na vitu vitatu ambavyo havivaliki pamoja. Na kuna ule mfumo mwingine wa kupanga watu kwa misimu minne kulingana na ngozi na nywele, ulivuma Marekani miaka ya 1980 na sasa umerudi kwa kasi kwenye TikTok, ulipoanza watu weusi karibu wote wakawekwa fungu moja la kipupwe, kana kwamba mtu mweusi tii, mweupe na maji ya kunde wote ni ngozi moja. Sogea dirishani mchana na kitambaa shingoni, zima taa, angalia uso wako kama umechangamka au umepauka. Kipimo hicho bibi zetu walikitumia kuchagua kanga dukani na hakijawahi kudai hela ya mtu.

Trenchi koti. Hili linaniuma kwa namna nyingine kwa sababu koti lenyewe ni zuri sana, ila kwao. Kitambaa chake cha asili ni gabadini, kilibuniwa na Thomas Burberry mwaka 1879 Uingereza, kimefumwa kwa kubanana ili mvua isipite, na maafisa wa jeshi la Uingereza wakalivaa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, jina limetoka hapo, trenchi kwa Kiingereza ni handaki. Limetengenezwa kwa ajili ya manyunyu ya baridi na upepo. Mvua ya masika ya Dar inashuka kama ndoo, hewa ya moto, ndani ya koti utalowa kwa jasho kabla mvua haijakufikia, unachohitaji ni mwavuli na viatu vinavyokauka. Ila kwa nini ushauri unakuja hivyo? Kwa sababu maonesho makubwa ya mitindo ya New York, London, Milan na Paris yanafuata kalenda ya majira yao. Ya Februari na Machi yanaonesha nguo za baridi ijayo, ya Septemba yanaonesha nguo za kiangazi kinachofuata, magazeti yao ikifika Septemba na Oktoba yanaongelea makoti na mabuti kwa sababu kweli baridi inawakaribia. Mwandishi wa huku anakopi alafu anatafsiri, anakuambia kaa tayari na koti mwezi ambao Dar ndo inaanza kupanda joto kuelekea Desemba mpaka Machi. Kama kweli wangekua wanatufikiria sisi wangeandika makoti mwezi wa tano kwa ajili ya watu wa Njombe, Mbeya na Arusha ambao Juni na Julai wanatetemeka, na hao sijawahi kuona wakiandikiwa kitu. Hilo koti lako usilitupe, kama una ndugu Njombe au Makete muuzie, kule litavaliwa.

Skini jinzi, zile tulizokua tunaziita modo, usitupe hata moja. Tangu 2021 watu wanabishana mtandaoni kama zimekufa au hazijafa na watabishana tena. Ila mi nataka ufikirie hilo neno "tupa" linaenda wapi. Mtu wa London akiambiwa tupa, anatoa, inakusanywa, inachambuliwa, inafungwa robota, na robota linafunguliwa soko la Karume, Mchikichini. Wewe ukiambiwa tupa unatupa wapi? Kuna wanawake wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi robota likifunguliwa wapate gredi ya kwanza, ndo mtaji wao, na kinachotoka humo kimeamuliwa na mtu aliyeandika kule "hii imepitwa na wakati". Mpaka siasa iliingia: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuachana na mitumba ifikapo 2019, Marekani ikabana kupitia mpango wake wa AGOA, wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kupeleka nguo Marekani bila ushuru. Neno la mwandishi wa fasheni lina uzito wote huo nyuma yake alafu analiandika kirahisi hivyo.

Utaniuliza kwa nini wanaandika hivi, wana chuki na sisi? Hapana. Wengi wanaandika haraka na wanalipwa kwa kinachouzwa. Zile orodha za "vitu 10 lazima uwe navyo" mara nyingi zina viungo vya kununulia, ukibonyeza ukanunua mwenye ukurasa anapata kamisheni. Huku kwetu mwenye duka anampa mtu nguo na hela kidogo, anapiga picha, anaandika "trendi ya sasa hivi ni hii", na hasemi kama amelipwa. Kwaiyo ushauri unaanza na mzigo uliopo dukani, alafu ndo anatafutwa mwanamke wa kuupachika.

Nilishawahi kuombwa na jarida moja niandike mishono mitano inayotamba. Nikakaa siku tatu, kila mshono nikaandika unataka kitambaa gani cha upana gani, yadi ngapi, nani asishone na kwa nini, namna ya kufua. Ilipotoka nilikuta wameacha picha tano na majina ya mishono, maelezo yote wamekata, na pale nilipoandika "mshono huu usiutumie kwa satini nyepesi" wameweka picha ya satini nyepesi. Wateja walinijia na lile jarida mkononi na satini zao kwenye mfuko, wengine wameshalipa. Nilirudisha vitambaa vinne wiki ile. Tangu siku hiyo nikiandika naandika mwenyewe na mpaka mwisho.

Kuhusu dada yako na hizo hipsi. Najua hajasema kwa ubaya, amesoma pale pale ulikosoma wewe. Ule ushauri wa kumwita mwanamke peasi, tofaa, sijui kioo cha saa, ukiusoma mpaka mwisho unakuta kila tunda linaelekezwa lifanane na umbo moja, mwenye hipsi afiche, asiye nazo aongeze. Sisi huku mwanamke amefunga kanga kiunoni siku zote na umbo la namba nane linaimbwa kwenye taarabu, leo nani katuambia tufiche? Tatizo la mwenye hipsi na suruali ni la kiufundi na lina dawa. Suruali za dukani zimekatwa kwa mwili ulionyooka, ukipata inayopita hipsi kiuno kinabaki wazi nyuma unaweza kuingiza ngumi. Mwambie fundi mkanda wa kiuno aukate kwa kupinda, asiukate mnyoofu, na mgongoni aweke dati mbili kila upande badala ya moja. Basi. Suruali pana kwa mwenye hipsi inakaa vizuri sana kwa sababu kitambaa kinaanzia kushuka kwenye hipsi bila kugusa paja. Yani dada yako kakukataza kitu ambacho wewe ndo ungekivaa kikapendeza.

Tuje kwenye gauni la sendofu, nimeiangalia ile picha kwa kuikuza. Mwanangu, hilo gauni halipo duniani, hiyo ni picha ya AI, akili mnemba, na siku hizi kati ya picha kumi ninazoletewa kadhaa ni hizo. Angalia kiunoni: lile ua kubwa la njano linaanzia chini ya titi linamalizikia kwenye sketi bila kukatika, na hapo kiunoni panatakiwa pawe na mshono. Mkono wa kushoto una vifungo vitatu, wa kulia hauna. Na sketi imetanuka duara zima mpaka chini bila kiungo hata kimoja. Kitenge kina upana wa kama inchi 45. Tuseme kiuno chako ni 28 na unataka sketi ya urefu wa inchi 40: duara zima linataka inchi 4 na nusu kutoka katikati mpaka ukingo wa tundu la kiuno, kuongeza 40, yani 44 na nusu kutoka katikati mpaka pindo, upana mzima ni 89. Hakuna kitenge cha upana huo. Inabidi ukate robo nne uziunge, kila robo inakula inchi 44 na nusu, jumla karibu yadi 5, na maua hayatakutana kwenye viungo vyote vinne labda ununue na vya kupoteza. Kwenye yadi 6 za kitenge kizima umebaki na yadi moja ya kutoa kifua, mgongo na mikono yenye mapuliza makubwa. Haitoshi. Kurasa za mishono zinarusha hizi picha kila siku bila kusema, alafu fundi anaitwa tapeli na binti anabaki analia siku mbili kabla ya shughuli. Hiyo kwangu mimi ni dhambi kabisa.

Unachoweza kufanya, na kitatoka kizuri: mwambie fundi sketi ya vipande sita, kila kimoja chembamba kiunoni kinapanuka chini. Vipande viwili vinaenea kwenye upana mmoja hata kama maua yana mwelekeo, kwaiyo urefu wa mara tatu, kama yadi 3 na nusu, na unabaki na yadi 2 na nusu za juu, hizo zinatosha na mkono wa puliza wa wastani unapata. Ua moja kubwa achague aliweke katikati ya kifua makusudi kabla ya kukata kitu kingine. Kabla ya yote loweka kitenge usiku kucha, wanga utoke na kama cha kurudi kirudi kabla ya mkasi, kikirudi baada ya kushonwa hakuna dawa.

Suruali yako kama ina akiba kwenye mkanda ipeleke ifunguliwe kiuno, fundi aipandishe kutokea juu mpaka msamba ukae mahali pake, chini aikate ukiwa umevaa kiatu unachoendea kazini, sio kile cha sherehe, na kwa mtu wa mwendokasi mi naacha inchi moja na nusu kutoka ardhini. Haitakua kama ya gabadini ila utaivaa. Blaza iache ofisini nyuma ya kiti, ivae kwenye kiyoyozi tu, njiani usitoke nayo. Na gauni la sendofu likajaribiwe wiki nzima kabla, uende na sidiria na viatu vya siku yenyewe, ukae chini, uinuke, unyanyue mikono juu kama unamtunza mdogo wako, ikivuta kwapani mwambie fundi hapo hapo kabla hujamlipa iliyobaki.